Picha ya Taya

Nilimkaripia kabla sijamtazama.
"Mama, mlimpeleka kwa mng'oaji,
akamchokoa ufizi kwa spoku ya baiskeli,
mkasema ni meno ya uwongo, ndiyo yaliyoleta homa."
Nimewaona wengi hapa Mbale, vichanga
vilivyoletwa na damu imeganda kwenye shuka.
Siku hiyo mdomo wangu ulitangulia macho.

Khainza hakujibu.
Alimkalisha mtoto, akafungua chupa,
akamlowesha shati, mgongoni kwanza, halafu kifuani,
taratibu, kama anamwagilia miche ya kitunguu.

Wepukhulu, miaka sita.
Paji limetangulia, daraja la pua limezama,
midomo minene imebinuka nje.
Chini ya macho, weusi na mikunjo
ya mtu aliyekesha matanga mia.
Nyusi hana. Nywele ni nyuzi chache
rangi ya ndevu za mahindi.
Shuleni Namakwekwe wanamwita Mzee
naye huitika, kwa sababu Mzee hupewa kiti.

Fungua kinywa.
Juu, meno mawili, yamechongoka kama penseli.
Chini, ufizi mtupu,
mwembamba kama ukingo wa sahani.

Nikaiweka picha kwenye taa.
Nilitafuta kovu. Nilitafuta mzizi uliokatika,
kitu cha kunipa haki ya hasira yangu.
Mfupa tu, mweupe, mtulivu,
shamba lisilowahi kupandwa.
Hakuna aliyeiba.
Hapakuwa na cha kuibwa.

Nikazima taa. Nikaiwasha tena.
Nikaomba radhi kwa Kigisu changu kibovu, mimi mtu wa Arua,
kisha kwa Kiswahili, ili ifike.

Ndipo akatabasamu, akawahi kuziba kwa kiganja,
lakini nilishaliona: jino lake la pembeni,
dogo, la ncha, punje ya mchele.
"Nilikuwa na kaka," akasema. "Mafabi.
Alikuwa kibarua mashamba ya mpunga, kule Doho.
Saa sita akijilaza mferejini na nguo zake.
Wakamwita mvivu.
Msimu wa kiangazi aliwaka siku mbili,
ngozi kavu kama karatasi,
akaisha. Tulimtafuta mchawi mwaka mzima."

Nikamweleza nilivyoweza:
jino, unywele, tundu la jasho,
vyote hufinyangwa kwa udongo mmoja, mapema, tumboni.
Uzi mmoja ukipotoka, mama hubaki na alama,
mwana hubeba mzigo.
Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:
"Watu hula kwa jasho lao.
Huyu atakula kwa jasho la nani?"

Sikujibu. Nje mvua ilikuwa imekatika,
Wanale inatiririka, mwamba mzima,
maporomoko membamba hapa na pale.
Mtoto akaunyooshea mlima kidole:
"Nani ameumwagia maji?"

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Sawa. Ila wahenga hawakuwahi kumpikia
mtoto anayemeza malewa bila kutafuna.
Nikachukua chapa ya taya, nikakoroga plasta,
nikapanga meno madogo kwenye nta ya waridi
usiku, umeme ukikatika na kurudi,
nikiyainamisha kidogo moja moja,
maana meno yaliyonyooka sana hayana mwenyewe.

Siku ya kuyavaa hakucheka, kama nilivyotarajia.
Aliyagonganisha, ka, ka, akasikiliza.
Akapapasa kwa ulimi, akashtuka:
ulimi umepata jirani wa kugombana naye.
Mwakani taya litakua, yatambana, tutaanza upya;
nilimwambia mama, akaitikia kwa kichwa,
akiwa bado na chupa mkononi.

Kisha Mzee akanishika mkono, akaniuma kidole.
Sikukitoa.
Ziliingia alama nne.
Nilizihesabu kabla hazijafutika.